Ndege ya Akko Haikupiga Risasi

Mtoto wa kaka yangu ana tabia ya kuniletea vitu nilivyosahau, halafu anakaa kunitazama uso aone nitafanya nini. Juzi alikuja na kompyuta yake chini ya kwapa. "Shangazi, ule mchezo wenu wa ndege nimeupata," akasema. "Lakini watu wameutukana, ukisikia utalia."

Akanisomea. Wanasema ndege yake inageuka polepole mno. Wanasema mafuta yanaisha kabla hujaonja chochote, adui wanachelewa kufika, na wakifika ni wachache. Sauti yake eti ni ya nzi ndani ya mkebe. Na lililowaudhi kuliko yote ni ile nchi iliyo chini ya ndege: tambarare tupu, haina mji wala mto, ni vidoti tu vimetapakaa na kilima kimoja kimoja. Mtu unaruka weee na hakuna la maana linalotokea.

Nikamwambia yote hayo ni kweli. Nikamwambia pia kwamba hao watu hawajui wanachosema, aweke kikombe chini anisikilize, maana baba yake hatamwambia. Baba yake siku hizi akiulizwa habari za zamani anajibu kwa kukohoa.

Miaka ya themanini kaka yangu alikuwa akiendesha lori la ng'ombe, Isiolo hadi Nairobi na kurudi. Safari moja alisaidia familia fulani kuhamisha vyombo, na katika vile walivyokuwa wakitupa palikuwa na mashine ya michezo ya televisheni: kisanduku cheusi, waya wake, na kijiti cha kushika chenye kitufe chekundu. Kaseti nzuri nzuri walienda nazo wenyewe. Ile ya ndege waliiacha humo humo ndani, hata kuitoa hawakuona haja. Kwa hivyo ilifika kwetu Bulla Pesa, mtaa wetu wa Isiolo, ikiwa tayari imekataliwa.

Televisheni tulikuwa nayo, ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo baba alikuwa akijivunia na kuifunika kitambaa. Stesheni yenyewe ilikuwa chenga tupu. Stima hatukuwa nayo, tulitumia betri ya lori, na lori likiwa safarini hakuna cha kuonekana. Kaka akirudi ndipo tuliunganisha nyaya pale chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, mimi na yeye na watoto wa plot, wale wa majirani tulioishi nao ua mmoja, wakitaka.

Watoto wa plot hawakutaka kwa muda mrefu. Walikuja, wakacheza, wakafyonya, wakarudi kwa mpira wao wa makaratasi. Sasa niseme kosa letu lilikuwa wapi, maana ndilo jambo lenyewe. Siku ya kwanza kabisa, kaka alipoona vile vidoti vyeupe vikija kutoka juu ya kioo, alisema, "Hizo ni mbuzi." Alisema tu vile mtu angesema hii ni meza. Na sisi tuliokuwa pale sote tukaona mbuzi. Ungeona nini kingine? Nchi kavu, tambarare, vilima vichache mbali, na vitu vyeupe vimetapakaa. Ukitoka mjini ukaenda upande wa Gotu ndicho utakachoona mpaka macho yachoke.

"Usipige risasi huko chini," kaka akaniambia aliponipa kijiti. "Ukiua mbuzi ya mtu utaitwa kwa wazee."

Basi hatukupiga. Wala hatukupita juu yao, kwa sababu nyumbani kwetu hata mtoto anayenyonya alijua kwamba ndege ikipita juu ya mbuzi, mbuzi hutawanyika. Tulikuwa tunawakwepa. Tunakwepa huku, tunakwepa kule, na ndege yenyewe inageuka kama lori lenye mzigo, mara tumegonga kilima, mara mafuta yameisha. Hatukuwahi kufika popote. Mchezo mbaya, tukasema, kama wale wote waliousema kabla yetu na baada yetu.

Tulijua habari za ndege na mbuzi kwa sababu ya Akko.

Akko ndiyo nyanya kwa Kiborana, na huyu alikuwa mama wa mama yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hivyo maneno yake ninayoandika hapa aliyasema kwa lugha yetu. Wakati wa shida za miaka ya sitini, serikali ikipigana na waasi huko kwetu, alikuwa malishoni upande wa Gotu na mbuzi wake, peke yake, mchana. Ndege ilikuja chini sana. Haikumpiga yeye wala mbuzi. Ilipita, ikageuka, ikapita tena, na mara ya pili mbuzi walitawanyika kila upande na yeye akalala kifudifudi, shuka kichwani, mpaka jua likatua. Mbuzi wengi hawakurudi. Yeye alirudi, lakini tangu siku hiyo alikuwa haendi mahali pasipo na paa karibu. Akaja mjini kwa mama yangu, akakaa. Mwendo wake ulikuwa msikitini, bombani, na kwa jirani, basi. Uwanja wetu wa ndege wa vumbi ulikuwa hauko mbali, na kindege kikinguruma huko alikuwa anaingia ndani, anakaa kitandani, mikono imeshika magoti. Hatukumcheka. Nasema hivyo kwa sababu watoto hucheka, lakini sisi hatukumcheka.

Huko Gotu alimwacha mdogo wake wa kike. Wawili hao walikuwa wamelelewa kwenye ngozi moja, na huyo mdogo alikuwa ameanza kuugua. Kila wiki ya soko, watu waliokuja kuuza mifugo walipita nyumbani na salamu zake. Salaam aleikum, mdogo wako anakusalimu, anauliza utakuja lini. Akko alikuwa anajibu atakwenda mvua ikinyesha. Mvua ikinyesha, atakwenda matope yakikauka. Kaka alimwambia mara nyingi, "Akko, lori liko. Nitakufikisha mlangoni." Alikuwa anatikisa kichwa na kubadilisha mazungumzo, kisha jioni hali chakula. Alitaka kwenda. Nafsi ilikuwa inataka, miguu ndiyo ilikataa, na sisi tuliokaa naye tuliumia kuona.

Kwa hivyo unaweza kufikiria mama alisema nini siku alipojua tuna mchezo wa ndege chumba cha nyuma. "Mama yangu akiona hiyo kitu," alimwambia kaka, "wewe na hiyo kitu mtalala nje na mbwa." Kaka akaizima sauti ya televisheni kabisa na kuapa Akko hatajua. Akko alikuwa mtu wa kukaa mbele, mlangoni, na kigoda chake. Chumba cha nyuma hakikumhusu.

Alasiri moja mama alikwenda harusini. Akko akataka maji ya udhu, akatuita, hatukusikia. Akaja mwenyewe na fimbo yake, akavuta pazia.

Kaka aliruka akasimama mbele ya televisheni, mikono ameitanua. Lakini yeye ni mwembamba na kioo kilionekana pande zote mbili.

"Sogea," Akko akasema.

"Akko, hii ni kitu cha watoto tu."

"Sogea, nimesema."

Kaka akasogea. Ndege ilikuwa katikati ya kioo na mimi nimeshika kijiti. Niliogopa ataanguka pale pale, na mama hayupo. Akko alitazama. Alitazama kwa muda, akiegemea fimbo, halafu akauliza zile nyeupe ni nini.

"Mbuzi," nikasema.

"Za nani?"

Kaka akanitazama. Sijui neno lilitoka wapi. "Zetu," nikasema.

Akakaa kwenye kitanda. Hapo nilijua hataanguka, maana mtu anayetaka kukimbia hakai. "Na ndege ni yako wewe?" Nikasema ni yangu. "Mbona unakimbia mbuzi zako mwenyewe?"

"Zisitawanyike, Akko."

Nikakwepa mbuzi mmoja, nikakwepa wa pili, wa tatu nikashindwa, nikampita kwa ubavu wa bawa. Akko akaonyesha na fimbo. "Hazitawanyiki. Huyo umempita karibu, hata kichwa hakuinua."

Kweli, hakuinua. Alikuwa kidoti, angeinuaje, lakini wakati ule sote watatu tuliona ni mbuzi mtulivu ajabu. Akko akanyoosha mkono. "Lete nione."

Sasa, kwetu mifugo haihesabiwi. Mtu akisimama zizini akaanza moja, mbili, tatu, atafukuzwa, ataambiwa anawatakia mabaya. Jioni wanaporudi, mwenye mbuzi anasimama mlangoni mwa zizi na kuwatazama mmoja mmoja wakiingia, kwa rangi, kwa masikio, kwa nani alizaliwa na nani, na hivyo anajua nani hayupo. Akko alikuwa hajafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Akashika kijiti kwa mikono miwili, akaielekeza ndege juu ya mbuzi wa kwanza, akapita juu yake kabisa. Akaenda kwa wa pili, akapita juu yake. Akimpita anamtaja. Huyu ni wa masikio meusi. Huyu ni mtoto wa yule aliyevunjika pembe. Kioo chenyewe hakina rangi na mbuzi wote ni doti moja, lakini yeye alikuwa akiwataja, na hakumwacha hata mmoja.

Na mafuta yakawa yanajaa. Kile kimstari cha pembeni ambacho siku zote kilikuwa kikipungua mpaka tukaanguka, kwake kilikuwa kinapanda. Kaka alinishika bega akanifinya. Hatukuelewa. Kaka alisema baadaye ni baraka, na mimi niliamini ni baraka, na niliamini hivyo mpaka juzi, wakati mtoto wake aliponifungulia mchezo huo kwenye kompyuta, wenye rangi. Nilimwambia angoje kwanza. Niliogopa. Nilifikiri sasa nitaona kwamba vile vidoti vilikuwa nyumba za watu, au mahema, na kwamba Akko alikuwa akipita juu ya watu walalao humo akiwaita mbuzi wake. Nilikuwa tayari kumwambia mtoto azime. Akabonyeza, na tazama, vilikuwa mapipa. Mapipa ya mafuta ya ndege, ya kijani na mstari mweupe. Unayapitia juu, unajaza tangi, unaendelea. Hivyo ndivyo mchezo ulivyotakiwa kuchezwa tangu siku ya kwanza. Nilivuta pumzi mpaka miwani ikapata ukungu, halafu nikacheka, na mtoto hakujua nacheka nini.

Turudi. Adui wakaja, ndege mbili kutoka juu. "Bonyeza chekundu, Akko," kaka akasema. "Wapige."

"Nani amenituma kupiga?" Akko akajibu, na akasogea pembeni kama dereva anayepisha mwenzake kwenye barabara nyembamba. Ndege mbili zikapita. Hazikugeuka kumfuata, maana mchezo wenyewe haukuwa na akili hiyo, na hilo nalo nimeambiwa wanalilaumu. Mimi nashukuru. Kama adui wangekuwa wengi na hodari kama watu wanavyotaka, Akko angekiweka kijiti chini na kwenda kulala, na mambo yangeishia hapo.

Mama alirudi kutoka harusini na kutukuta. Nilimwona akishika pazia, hina mpya mkononi, mdomo umefunguka tayari kutusomea. Akamwona mama yake ameketi wima, kijiti mikononi, ndege mbele yake, akitaja mbuzi. Yule ambaye tulikuwa tukimfunika na blanketi kindege kikipita. Mama aliuma mtandio wake na kulia hapo hapo, wazi, bila kujificha, na hakutusomea kitu.

Tangu siku hiyo kaka akirudi safarini Akko alikuwa wa kwanza kuuliza kama betri imetolewa. Watoto wa plot walirudi, si kwa mchezo, kwa kumtazama yeye. Aliruka mbali kuliko mtu yeyote. Hatukujua mbali kiasi gani, alama alikataza tusizisome kwa sauti, alidhani ni hesabu ya mbuzi.

Halafu siku moja aliuliza swali tulilokuwa tukiliogopa. "Ndege gani hii haina sauti?"

Kaka akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa. "Iko nayo, Akko," kaka akasema, "lakini tumeifunga."

"Fungua."

Aliifungua kidogo, kidogo kabisa. Ule mngurumo ukatoka. Akko akaweka kijiti chini, akaamka, akaenda mbele kwenye kitanda chake, akashika magoti. Mama alimgeukia kaka kwa hasira ambayo sijaiona tena. Usiniulize alimwambia nini. Mimi nilidhani tumeharibu kila kitu. Nililala na hilo, na kaka akaondoka na lori bila kunywa chai.

Aliporudi, Akko alikuwa ameketi chumba cha nyuma kabla hata betri haijashuka kutoka kwenye lori. "Kama ile ya siku ile," alisema. "Usiongeze." Akacheza na sauti ile ndogo, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu, hakutaja mbuzi hata mmoja. Safari iliyofuata akawataja wachache. Safari iliyofuata tena alinyoosha mkono yeye mwenyewe, akazungusha kile kidude cha sauti, akaongeza. Hakuna aliyemwambia aongeze. Ikawa hivyo kila kaka akiwa nyumbani, mpaka majirani wakagonga ukuta, kwa sababu nzi ndani ya mkebe si mchezo akipewa sauti yote. Wanaolalamika kuhusu sauti hiyo wangekuwa na haki kama wangekuwa majirani zetu.

Wakati huo huo salamu za Gotu zilibadilika. Mdogo wake alikuwa hainuki tena kitandani. Mtu aliyeleta habari hakuuliza utakuja lini. Alisema, "Kama anakuja, aje sasa," na akamwambia mama, si Akko mwenyewe. Mama alitufunga midomo. Akko akijua na miguu ikakataa tena, mama alisema, hilo litamuua yeye kabla ya mdogo wake.

Lakini nyumba zetu ni mabati na mbao, na masikio ya Akko yalikuwa mazuri. Asubuhi kaka alipotoka kuwasha lori, alimkuta ameshapanda. Ameketi mbele, fimbo katikati ya magoti, mkoba wa mkeka mapajani, amevaa shuka safi. "Twende," akasema. Kaka akaja mbio kuniita, maana aliogopa kuwa naye peke yake njiani. Nikapanda. Mama akapanda. Tulibanana wanne mbele. Mji ulipoisha na nchi ikafunguka pande zote, Akko alifumba macho. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi licha ya joto lote lile. Baadaye akafumbua. Palikuwa na mbuzi upande wa kushoto, wametapakaa, weupe, na nilimsikia ananong'ona.

Gotu tulisimama mbali kidogo na nyumba, lori lisitishe wanyama. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wazi, hakuna mti wala kichaka kati yetu na mlango wake. Akko akateremka. Akaanza kutembea na fimbo, sisi nyuma yake. Alikuwa amefika katikati niliposikia mngurumo.

Wale wa ndege ndogo za watalii hupita huko kutazama wanyama. Hii ilitoka upande wa mto, chini, na sauti yake ikajaa kila mahali mara moja. Kaka aligeuka akakimbia kufungua mlango wa lori. Mama alivua mtandio wake, tayari kumfunika. Mimi nilisimama tu. Nilisema moyoni, sasa hivi atalala chini, na akilala hatafika mlango ule, tutamrudisha Isiolo ametufia mikononi.

Akko alisimama. Fimbo alikuwa ameishika kwa mikono miwili, ameikita chini mbele yake, uso juu. Mabega yalikuwa yanatetemeka, niliyaona kwa nyuma. Mbuzi wa hapo waliinua vichwa. Ndege ikaja juu yao, juu yetu, kivuli kikatupita miguuni, na alipoiona iko sawa juu ya mbuzi aliilaza fimbo kushoto, polepole, kama alivyokuwa akikilaza kijiti nyumbani. Ndege ikapinda kushoto, ikafuata mto, ikaenda zake.

"Imewatazama," akasema. "Wote wapo."

Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi na nguo zake nzuri. Kaka alikuwa bado ameshika mlango wa lori. Mimi kwa furaha nikashika mkono wa mama kama mtoto.

Kutoka ndani ya nyumba sauti ya mgonjwa ikauliza, nyembamba, yenye wasiwasi: "Nani huyo amesimama nje na ndege inapita?"

"Ni mimi," Akko akajibu, akainama mlangoni, akaingia.